Kiswahili Kinywani mwa Zimwi

Tarehe 8 Septemba 1966 shirika la utangazaji la NBC la Marekani lilionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wa mfululizo wa televisheni ulioitwa Star Trek. Sehemu iliyochaguliwa kufungulia mfululizo huo iliandikwa na George Clayton Johnson, ikaongozwa na Marc Daniels, na jina lake ni The Man Trap. Khabari zake ni za safari ya anga za juu, karne tatu hivi mbele ya wakati ulipotungwa, na wapenzi wa michezo ya namna hiyo wamekwisha kuiandikia mengi. Lakini limo ndani yake jambo moja ambalo lawahusu wataalamu wa Kiswahili kuliko wapenzi wa televisheni. Katikati ya mchezo, pahali ambapo hatari imekwisha kuingia chomboni na hapana aijuaye, husikika maneno machache ya Kiswahili. Ayasemaye si mtu. Ni zimwi lililojigeuza mtu, nalo layasema ili limnase mwanamke ambaye limekusudia kumuua.

Mwaka huo Unguja haikuwa na televisheni. Watu wa Mji Mkongwe walitazama picha katika majumba ya sinema, kama Majestic ya Vuga, na televisheni ya rangi ilikuja kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hivyo lugha iliyosanifiwa kwa msingi wa usemi wa Unguja ilitangulia kufika katika kioo cha televisheni ya Marekani kabla televisheni yenyewe haijafika Unguja. Yafaa kuchunguza ilifika katika hali gani.

Kisa chenyewe ni hiki. Chombo cha anga kiitwacho Enterprise kilifika katika sayari moja iliyokuwa mahame, ambako Profesa Crater na mkewe Nancy walikaa miaka mitano hivi wakichimbua mabaki ya watu wa kale. Nahodha Kirk, daktari McCoy na baharia mmoja kijana walishuka ili kuwapima afya wawili hao. Zamani daktari alikuwa na mapenzi na Nancy. Alipomwona alistaajabu kuwa umri haukumgusa hata kidogo. Nahodha, aliyesimama ubavuni pake, aliona mwanamke mwenye mvi. Na yule kijana aliona msichana mwingine kabisa, aliyefanana na mmoja aliyepata kumjua katika sayari nyingine. Watu watatu walimtazama mtu mmoja, kila mmoja akaona lake. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, nayo yapita upesi, kwa kuwa kila mmoja adhani mwenziwe amekosea kwa macho au kwa moyo.

Punde kijana yule alikutwa amekufa. Usoni alikuwa na alama nyekundu za mviringo, na mdomoni kipande cha mmea wenye sumu. Na Nancy akasema kuwa alimwona akiutafuna. Hapa mtunzi ametega mtego wa pili, ambao ni wa mtazamaji. Sumu ya mmea huo yajulikana, walakini alama zile si dalili yake. Daktari alipoichunguza maiti akaona kuwa chumvi yote imetoka mwilini. Ndipo neno dogo lililosemwa mwanzo likapata maana, kwani Profesa Crater alikuwa ameomba aletewe vidonge vya chumvi, na aliomba kwa haja isiyo ya kawaida. Mabaharia wengine wawili walikufa kwa namna ile ile, na zimwi likapanda chomboni kwa sura ya mmoja wao. Mwisho ilifunuka kuwa Nancy wa kweli aliuawa zamani na zimwi hilo, na mumewe aliishi nalo akijua, kwa kuwa laweza kuvaa sura ya mkewe, na kwa kuwa ni la mwisho la jinsi yake. Profesa naye hakusalimika. Daktari ndiye aliyelipiga risasi za mwanga, hali limevaa sura ya mwanamke aliyempenda na lamsihi kwa sauti yake.

Mchezo huu, basi, una asili mbili. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, kwa sababu ajabu yake yaelezwa kwa sababu za kimaumbile. Na ni hadithi ya upelelezi, kwa sababu ina maiti, dalili ya kweli, dalili ya uongo, na mtu afichaye alijualo. Asili zote mbili zakutana katika chumvi. Na hapa mfasiri wa Kiswahili angepata bure jambo ambalo mtunzi hakulikusudia: mzee husemwa kuwa amekula chumvi nyingi, na chumvi hiyo ni miaka. Kwa sikio la Mswahili, zimwi lifyonzalo chumvi lafyonza umri.

Jina la mchezo halifasiriki kwa wepesi hivyo. Kwa Kiingereza lina maana ya mtego uwekwao ili kunasa waingiao mashamba ya watu, tena lina maana ya mwanamke anasaye wanaume. Kiswahili chamlazimisha mfasiri achague: Mtego wa Watu, au Mtego wa Wanaume. Akichagua la pili atakuwa ametoboa siri kabla ya wakati wake, na atakuwa amekosea pia, kwa maana zimwi humwendea hata mwanamke, na linapomwendea huwa mwanamume.

Kiumbe chenyewe nacho chataka jina. Jini hafai sana. Jini wa Unguja ameumbwa kwa moto, ana dini yake na kabila lake, na aghlabu ana madai yanayoweza kusikilizwa na kutimizwa. Mzuka hutokea na kutoweka, wala hauna njaa. Aliyebaki ni zimwi la ngano, ambalo hula watu, na ambalo hujigeuza kijana mzuri likaenda kuposa binti aliyewakataa waume wote. Neno hili ndilo lifaalo, ijapokuwa watu wa Enterprise wangesema kuwa hili si zimwi bali ni mnyama mwenye akili. Tofauti hiyo si ndogo. Zimwi la ngano lina njaa kwa kuwa ni zimwi. Zimwi la hadithi ya kisayansi lina njaa kwa kuwa mwili wake wahitaji kitu ambacho chaweza kupimwa. Ndiyo sababu lilipomvamia Spock, ambaye damu yake si ya kibinadamu, lilimwacha akiwa hai, kwa kuwa chumvi zake hazikuwa chumvi lilizozitaka.

Sasa maneno ya Kiswahili. Afisa wa mawasiliano katika chombo ni Luteni Uhura, mwanamke wa Kiafrika, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols. Anapita ujiani peke yake. Zimwi, likiwa katika sura ya baharia aliyeuawa, lamwona, na kabla hajageuka limekwisha kuwa kijana mweusi mrefu wa kupendeza. Lamwambia kwa Kiingereza kuwa yeye ndiye mtu ambaye Uhura alikuwa akimwaza sasa hivi, na kwamba aonekana mpweke. Uhura acheka kidogo, hajasadiki. Ndipo lasema Kiswahili. Hapo uso wake wabadilika, ajibu kwa lugha hiyo hiyo, akaegemea ukuta kama mtu aliyepumbazwa. Kilichomwokoa ni kuitwa kwa chombo cha sauti arudi kazini, na wenziwe wawili waliotokea ujiani wakati huo huo.

Tukio hili lachukua dakika chache tu, lakini limejengwa kwa akili. Zimwi halikusoma Kiswahili popote. Limekitoa moyoni mwa Uhura. Kwa daktari lilitoa sura ya mpenzi wa zamani, kwa profesa lilitoa mke aliyekufa, na kwa Uhura sura peke yake haikutosha, ikabidi litoe lugha. Mtunzi alielewa kuwa kwa mtu aishiye na kufanya kazi miaka mingi kwa lugha ya watu wengine, maneno ya kwao huingia ndani kuliko uzuri wa uso. Waswahili wana methali isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha, yaani adui akujuaye hubakiza. Mchezo huu waipindua methali hiyo: zimwi lamjua mtu ndipo liweze kumla lote.

Walakini Kiswahili chenyewe kina upungufu. Maneno ni machache, na matamshi ni ya mtu aliyekariri bila ya kuizoea lugha, hata msikilizaji wa Afrika ya Mashariki hana budi kutega sikio mara mbili. Haya si ya kulaumiwa sana katika mchezo uliotengenezwa kwa haraka kwa ajili ya watazamaji ambao, ila wachache mno, hawakuweza kujua kosa. Kubwa zaidi ni lile ambalo halikusemwa kabisa. Mtu wa Unguja akikutana na mgeni pahali pasipo watu hatashughulika kwanza na sarufi yake. Atasikiliza salamu. Je, amebisha hodi, amesalimu, ameulizia khabari za nyumbani, amempa mkubwa wake shikamoo? Kijana huyu wa ujiani ni baharia wa kawaida, naye asema na luteni. Amemjia bila ya salamu yoyote, akaanza kwa kumsifu na kumwambia aliyo nayo moyoni. Kwa adabu za pwani, hiyo peke yake yatosha kuwa dalili.

Baada ya salamu hufuata swali: kwenu wapi? Katika kisiwa kidogo kama Unguja jibu aghlabu husikika kabla ya kutolewa. Mtu wa Makunduchi, mtu wa Tumbatu, mtu wa Pemba na mtu wa mjini hutambulikana kwa maneno mawili matatu, na W. H. Whiteley alipochapisha uchunguzi wake juu ya lahaja za mashamba za Unguja mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa akiweka katika karatasi elimu ambayo kila mchuuzi wa Darajani anayo masikioni. Lau Uhura angeuliza swali hilo, zimwi lingekuwa taabuni. Kwa kuwa kila lilicho nacho limekitoa kwake, lingemtajia mji wake mwenyewe, mtaa wake mwenyewe, labda hata nyumba yake mwenyewe. Na hapo msikilizaji mwerevu angeanza kurudi nyuma. Mtunzi wa hadithi ya upelelezi ambaye ajua Kiswahili asingeiacha dalili nzuri namna hiyo ipotee.

Kiswahili cha zimwi hakina mtaa, na hilo lina historia yake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya U.M.C.A., alichapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, na katika mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa huko. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu na shule, juu ya Kimvita kilichokuwa na washairi wake na watetezi wake, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ikashika kazi ya kukisanifu. Lugha iliyopatikana ilifaa mambo mengi, na yaliyofuata yamehakikisha hivyo. Lakini kila lugha isanifiwapo hupunguziwa mitaa yake, na Mmarekani wa mwaka 1966 aliyetaka maneno machache ya Kiafrika alikuta katika vitabu lugha iliyo tayari kuchukuliwa, haina harufu ya karafuu wala ya ukindu.

Jina la Uhura lina safari ndefu zaidi. Kwa maelezo ya Nichols mwenyewe, siku alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya mchezo alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962 nayo yahusu Kenya. Gene Roddenberry, aliyeuasisi mchezo, akalipenda neno, akalibadilisha irabu ya mwisho ili lilainike liwe jina la mwanamke. Katika Kiswahili irabu hiyo haifanyi kazi hiyo. Kiswahili hakitengi mume na mke kwa mwisho wa neno, na uhura si neno. Lakini asili ya huru ni Kiarabu, na katika Kiarabu mwanamume huru ni hurr na mwanamke huru ni hurra. Roddenberry, bila ya kukusudia, alikaribia umbo la kike ambalo Waswahili walipolichukua neno hawakulihitaji, kwa kuwa huru kwao ni kwa wote.

Kwa wote katika sarufi, si katika sheria. Katika Unguja ya karne ya kumi na tisa huru halikuwa neno la bendera. Lilikuwa ni neno la cheti: mtumwa huachwa huru, na aliye huru ni yule asiyeweza kuuzwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897 wakati wa Sayyid Hamoud. Amri hiyo ya 1897 iliwaacha nje masuria, na ilibidi wangoje hadi 1909. Kwa hiyo neno lile lilipofika kwa wanawake wa Unguja lilifika kwa kuchelewa miaka kumi na miwili. Nusu karne baadaye lilikuwa katika mikutano ya siasa, na tarehe 10 Desemba 1963 lilikuwa jina la siku. Mwezi mmoja hivi baada ya siku hiyo Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaja na maana nyingine ya neno lilo hilo. Mtazamaji wa Marekani aliyemsikia Luteni Uhura akiitwa hakuyajua haya. Si lazima ayajue. Lakini mtu aandikaye historia ya neno uhuru hana budi kuweka, baada ya hati ya kuacha huru na baada ya bendera, kiti cha afisa wa mawasiliano katika chombo cha anga.

Tena hakuwa peke yake. Mwaka huo huo wa 1966, mwezi wa Desemba, Maulana Karenga aliianzisha katika California sikukuu ya Kwanzaa, na neno kwanza likaongezwa irabu moja mwishoni. Uhura na Kwanzaa ni watoto wa mwaka mmoja, na wote wawili wana alama ya kuzaliwa ugenini katika herufi ya mwisho. Wanasarufi wa pwani walioyacheka maneno haya walikuwa na haki ya kucheka. Lakini wangekumbuka pia kuwa Waswahili wenyewe walilichukua hurr la Waarabu wakaliongeza irabu, na hakuna aliyewauliza.

Jina la kwanza la Uhura, Nyota, halikuwamo katika mchezo wa mwanzo. Lilitungwa katika kitabu cha mwaka 1982, na halikutamkwa katika filamu hadi 2009. Ni jina zuri, nalo lafaa kuliko walivyojua waliolitunga, kwa kuwa nyota ya Mswahili si ya mbinguni tu. Mtu ana nyota yake, njema au nzito, na waganga wa Unguja huitazama kwa hesabu za falaki.

Kiswahili kilirudi katika mfululizo huo mwaka mmoja baadaye, katika sehemu iitwayo The Changeling, iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad yamsikia Uhura akiimba, haielewi wimbo ni kitu gani, yamchunguza akilini na kuifuta elimu yake yote. Baadaye daktari na muuguzi wamfundisha kusoma Kiingereza tangu mwanzo, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na neno moja limshindapo kulitamka, Uhura akasirika na kumwaga Kiswahili kwa wepesi. Muuguzi amwambia aseme kwa Kiingereza. Kisa hiki hakikupimwa vizuri: ikiwa elimu yote imefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Jibu ambalo mchezo watoa bila ya kulisema ni kuwa Kiingereza ni elimu, na elimu yaweza kufutwa. Kiswahili si elimu, ni kitu kilicho chini yake. Walimu wa Unguja waliokwisha kuona mtoto akihesabu kwa lugha ya darasani na kulia kwa lugha ya nyumbani watakubali nusu ya jibu hilo. Nusu ya pili yatia wasiwasi, kwa maana lugha isiyohesabiwa kuwa elimu haitafundishwa, na katika mchezo ule ndiyo hasa inayonyamazishwa ili masomo yaendelee.

Fumbo la kutambua zimwi katika watu si geni Unguja. Katika mkusanyo wa Steere imo hadithi ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake aligeuka nunda mla watu. Mtoto mdogo wa sultani anakwenda kumtafuta. Hajapata kumjua nunda kwa sura; basi kila mnyama amuuaye humburura mpaka kwa mama yake na kumwuliza kama ndiye, na mama humjibu kuwa siye. Wanyama wazidi ukubwa hadi tembo, na jibu ni lile lile, mpaka siku ile nunda mwenyewe alipouawa. Hadithi yote yategemea subira ya kukataa jibu la haraka. Hiyo ndiyo kazi ya upelelezi, miaka mingi kabla ya neno lenyewe.

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, aliileta kazi hiyo katika riwaya. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957 na 1958 ikachapishwa 1960, na Kisima cha Giningi ya 1968, zote zimebeba katika majina yao khofu za kale za kisiwa: mzimu, na Giningi, makutano ya wachawi. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, hamtafuti mzimu. Jibu lake daima ni la kibinadamu. Aliyeua ni mtu, na sababu zake ni za watu. Riwaya hizi na The Man Trap ni za muongo mmoja, na zaenda njia mbili kinyume. Abdulla aanza na mzimu akaishia kwa mtu. Johnson aanza na mke wa profesa akaishia kwa zimwi. Kwa ufundi wa fumbo Abdulla ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa hana ruhusa ya kuleta kiumbe kipya mwishoni.

Kwamba jambo hili si mchezo wa vitabu tu lilionekana mwaka 1995, khofu ya popobawa ilipoanzia Pemba na kuenea Unguja. Popobawa alisemwa kuwa hujigeuza, hata mchana huenda akawa mtu kama watu. Familia zililala nje kwa makundi, wakikesha. Katika siku hizo mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, aliuawa mjini Unguja na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Hapakuwa na mama wa kusema siye. Katika mchezo wa televisheni daktari hukosea akisita na hupatia akipiga, kwa sababu mtunzi amekwisha kumhakikishia mtazamaji kuwa mwanamke aliye mbele yake si mwanamke. Mitaani hapana mtunzi, na mgeni ambaye usemi wake si wa hapa ndiye wa kwanza kutazamwa.

Labaki swali la kazi ya mfasiri. Kama The Man Trap ingetiwa sauti za Kiswahili kwa ajili ya watazamaji wa Unguja, tukio la ujiani lingekufa papo hapo. Watu wote chomboni wangekuwa wakisema Kiswahili tangu mwanzo, na zimwi likisema Kiswahili lisingekuwa limetoa kitu. Wale wa Dar es Salaam wasimuliao juu ya filamu za kigeni wangepita kwa kueleza tu kuwa hapo kijana amebadili lugha, na wangesameheka. Mfasiri mwenye subira angemfanya nahodha na wenziwe waseme Kiswahili sanifu, na zimwi liseme lahaja. Kimakunduchi kingefaa: mtu wa mjini angekifahamu kwa taabu kidogo, na aliyezaliwa kusini angeshtuka kitini. Lakini hapo yambidi mfasiri aamue kwanza Uhura ni mtu wa wapi, na mchezo wa 1966 wasema tu kuwa ni wa Afrika. Watunzi wa mfululizo mpya wa 2022 wamempa Kenya. Kwa kufuata hayo zimwi lingesema Kimvita, lahaja ile ile iliyoshindwa katika mkutano wa 1928, nacho Kiunguja kingebaki kuwa lugha ya nahodha.